Bandari ilinenepa, chelezo kikakonda: kisa cha viwanda vya meli vya Hong Kong

Mwaka 1987 Hong Kong ilishika nafasi ya kwanza duniani kwa wingi wa makontena yanayopita bandarini. Ikaishika katika miaka mingi hadi 2004, ikipokonywa na Singapore mara chache tu. Mtu angetarajia kwamba katika kipindi hicho mafundi wa meli wa pale hawakupata hata nafasi ya kupumua. Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Viwanda viwili vikubwa vya meli vilivyojengwa na Waingereza, Taikoo upande wa kisiwani na Whampoa upande wa Kowloon, vilikuwa vimekwisha kuondolewa kando ya bandari, na juu ya vyelezo vyake, yaani mashimo ya kutengenezea meli, watu walikuwa wakilala, wakipika na kusomesha watoto katika maghorofa mapya. Meli ziliongezeka, mafundi wakapungua.

Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba kazi ilihamia China kwa kuwa huko ni rahisi. Si uongo. Ila sababu hiyo iliingia mwishoni mwa kisa, wakati mzigo mkubwa wa uamuzi ulikuwa umekwisha kutuliwa. Viwanda hivi viling'olewa kwanza na ardhi vilivyokalia.

Tuanze na chelezo chenyewe kinavyofanya kazi, maana bila kukielewa mengine yatabaki hewani. Meli ikikaa majini miezi mingi, sehemu iliyozama huota ukoga na kushikwa na viumbe vyenye magamba magumu. Inakuwa nzito, inakula mafuta zaidi, na kutu inatafuna chuma mahali ambapo jicho halifiki. Jahazi unaweza kulipandisha ufukweni maji yakipwa, ukalikalafati ubavu mmoja halafu wa pili. Meli ya chuma yenye uzito wa maelfu ya tani huwezi kuifanyia hivyo. Basi huchimbwa shimo refu kando ya bahari, likajengewa kwa mawe yaliyopangwa kama ngazi pande zote mbili, na mdomoni likatiwa lango. Meli huingia shimo likiwa limejaa maji. Lango hufungwa, pampu zikaanza kuyanyonya.

Hapo ndipo pumzi za watu hubanwa. Sakafuni, katikati ya shimo, yamepangwa magogo katika mstari mmoja, na mkuku wa meli, yaani uti wake wa chini, unatakiwa utue juu yake sawasawa, bila kwenda kushoto wala kulia. Kamba hukazwa huku, hulegezwa kule. Wapiga mbizi hushuka kuhakikisha kwamba mkuku umekaa mahali pake. Kadiri maji yanavyoshuka ndivyo mafundi wanavyopachika nguzo za mbao kati ya ubavu wa meli na zile ngazi za mawe, ili isije ikalala upande. Maji yakikauka kabisa, meli imesimama nchi kavu, propela na usukani viko wazi, na watu mamia wanaweza kuingia kazini kwa mpigo: wa kukwangua, wa kupaka rangi, wa kubadilisha mabati, wa mitambo.

Kazi kubwa kama hiyo huzungukwa na karakana nyingine nyingi: ya kuyeyusha na kumimina chuma, ya seremala, ya mabomba, ya umeme, ya boila. Zote zinatakiwa ziwe jirani, kwa sababu kipande kinachotolewa melini asubuhi kinasubiriwa kirudi jioni. Kiwanda cha meli, basi, kinameza eneo kubwa sana, na eneo lenyewe lazima liwe tambarare, liguse maji yenye kina, tena lisiwe mbali na meli zinapotia nanga. Katika mji wa milima kama Hong Kong, ardhi ya namna hiyo ni haba kuliko dhahabu.

Shimo la mawe lina sifa mbili zaidi. Haliwezi kuhamishwa, na kulirefusha ni gharama kubwa.

Kampuni ya Hong Kong and Whampoa Dock iliundwa mwaka 1863, na inashangaza kwamba yenyewe ilizaliwa kwa kuhama. Whampoa, leo Huangpu, ni mahali karibu na Guangzhou kwenye Mto Pearl, ambako meli kubwa za wageni zililazimika kutia nanga kwa sababu mto haukuziruhusu kuendelea. Mskoti mmoja, John Couper, alikuwa amejenga vyelezo huko. Vita vya pili vya kasumba, kati ya Waingereza na China, vilipozuka mwaka 1856, vyelezo vikaharibiwa, na Couper mwenyewe akatekwa, asionekane tena. Wafanyabiashara wa Hong Kong, miongoni mwao Jardine Matheson, kampuni ya meli ya P&O na Douglas Lapraik, wakavinunua na kuunda kampuni. Haikuchukua muda wakaona kwamba meli zinazidi kuishia Hong Kong badala ya kupanda mto. Wakanunua vyelezo vya Aberdeen, upande wa kusini wa kisiwa, wakajiimarisha Hung Hom kwenye rasi ya Kowloon, na katika miaka ya 1870 wakaiuzia serikali ya China vile vya Whampoa. Jina tu ndilo walilobaki nalo. Mwaka 1888 kilifunguliwa Hung Hom chelezo kikubwa cha mawe ambacho jeshi la majini la Uingereza lilisaidia kukigharimia, kwa makubaliano kwamba meli zake za vita zipewe kipaumbele.

Uhamaji huo wa kwanza ulifuata meli. Wa pili, karne moja baadaye, haukufuata meli hata kidogo, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala hii.

Kwa miongo kadhaa Whampoa walitamba peke yao, wakipanga bei wanavyotaka. Kampuni ya Swire, ambayo Wachina waliijua kwa jina la Taikoo, ilikuwa na meli zake nyingi kwenye mito na mwambao wa China na ilichoka kuzipeleka kwa mpinzani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kujenga kiwanda chake Quarry Bay, ghuba iliyokuwa na machimbo ya mawe, pembeni ya kiwanda chake cha sukari. Mlima ulikatwa, bahari ikafukiwa, na kufikia 1908 Taikoo ilikuwa ikipokea meli. Chelezo chake kilikuwa na urefu wa futi 787, yaani takriban mita 240. Kwa wakati ule hicho kilikuwa kipimo cha kujivunia: kingemeza karibu meli yoyote iliyopita Mashariki ya Mbali. Tukumbuke hizo mita 240, tutazihitaji.

Nisiwasahau watu. Taikoo ilikuwa kama mji. Kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi, ikafungua shule, na mtoto angeweza kukua akiamshwa na king'ora kile kile kilichomwita baba yake kazini. Vijana waliingia wakiwa wanagenzi, wakakaa miaka chini ya fundi mkuu kabla ya kuaminiwa kushika kazi peke yao. Lakini ulikuwa mji wa kikoloni: mameneja na wasimamizi wakuu, wengi wao Waskoti, walikaa juu, na Wachina walioshika nyundo walilipwa sehemu ndogo sana ya mishahara yao. Mwaka 1920 mafundi mitambo wa Hong Kong, wakiwemo wa viwanda hivi, waligoma, maelfu yao wakapanda treni na boti kwenda Guangzhou hadi waajiri walipokubali kuongeza mishahara kwa karibu theluthi moja. Mgomo wa mabaharia wa 1922 na ule mkubwa wa 1925 na 1926 vilifuata. Ukisoma historia ya haki za wafanyakazi Hong Kong, utakutana na mafundi wa vyelezo karibu kila ukurasa.

Halafu vita. Japani ilivamia Desemba 1941, na usiku wa tarehe 18 askari wake walivuka bandari na kushuka ufukwe wa kaskazini wa kisiwa, eneo la Taikoo likiwa miongoni mwa sehemu walizotua. Kwa miaka mitatu na zaidi viwanda vyote viwili vilifanya kazi kwa faida ya Wajapani, na kwa hiyo vikawa shabaha ya ndege za Marekani. Mwaka 1944 mabomu yaliyolenga vyelezo vya Whampoa yaliangukia makazi ya Hung Hom na kuua raia wengi, watoto wa shule wakiwemo. Mtaa ule haujasahau. Vita ilipokwisha, mitambo ilikuwa magofu na iliwabidi waanze kuijenga upya kipande kwa kipande.

Na waliijenga. Miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 ilikuwa ya neema. Meli nyingi zilihitaji matengenezo, mafundi walikuwapo, na feri nyingi za Star Ferry ambazo mpaka leo zinavusha watu kati ya Tsim Sha Tsui na Central ziliundwa Whampoa katika miaka ya 1956 hadi 1965. Dalili ya kwanza ya mabadiliko ilitoka kwa jeshi: mwaka 1959 kiwanda cha jeshi la majini la Uingereza, kilichokuwa katikati kabisa ya mji, kilifungwa. Leo pale pamesimama ofisi za eneo linaloitwa Admiralty.

Mwaka 1972

Kama ningelazimika kuchagua mwaka mmoja ambao hatima ya vyelezo iliamuliwa, ningechagua huu.

Agosti 1972 ilifunguliwa barabara ya chini ya bahari, handaki linalounganisha Hung Hom na kisiwa cha Hong Kong. Mpaka siku hiyo Hung Hom ilikuwa mtaa wa viwanda, wenye moshi na kelele, ambao mtu hakwenda bila shughuli. Baada ya siku hiyo ilikuwa dakika chache tu kutoka mjini kwa gari. Miaka mitatu baadaye kituo kikuu cha treni nacho kikahamishiwa hapo kutoka Tsim Sha Tsui. Ardhi ile ile, udongo ule ule, thamani yake ikapanda kupita kiasi.

Septemba mwaka huo huo meli ya makontena iitwayo Tokyo Bay ilifunga kamba kwenye gati ya kwanza ya makontena Kwai Chung, kaskazini magharibi mwa bandari. Urefu wake ulikuwa takriban mita 290. Sasa rudi kwenye zile mita 240 za Taikoo. Meli iliyofungua zama mpya za bandari ya Hong Kong isingeweza kuingia katika chelezo cha mawe kilichokuwa fahari ya bandari hiyo hiyo.

Oktoba, gavana Murray MacLehose alitangaza mpango wa miaka 10 wa kuwapatia makazi watu milioni 1.8. Wakati vita inakwisha mwaka 1945 Hong Kong ilikuwa na watu wapatao laki sita. Sensa ya 1971 ilikuta karibu milioni nne. Wakimbizi kutoka bara walikuwa wamejaa kwenye mabanda ya milimani, familia nzima ikilala chumba kimoja, moto au maporomoko ya matope yakiwafuata kila mwaka. Njaa ya nyumba haikuwa hila ya matajiri. Ilikuwa ya kweli, na anayesimulia kisa cha vyelezo bila kuitaja anawaonea waliokuwa wakitafuta pa kulaza watoto.

Na katika mwaka huo huo kampuni ya Swire iliunda Swire Properties, kampuni ya nyumba na viwanja. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kujenga juu ya ardhi ya Taikoo.

Kwa nini ardhi ya chelezo na si ya mwingine

Katika mji uliobanana, pesa peke yake haimpi mjenzi kiwanja kikubwa. Ugumu wake ni kukikusanya. Unanunua nyumba hii, jirani anakataa, wa tatu anadai mara kumi, na wapangaji wamekaa miaka thelathini hawaondoki. Kiwanda cha meli kinamaliza matatizo hayo kwa siku moja. Ni eneo kubwa, limesawazishwa, liko mkononi mwa mmiliki mmoja, halina wapangaji wa kuhamisha zaidi ya wafanyakazi wake, na linatazama bahari. Ukiwa na ardhi kama hiyo Hong Kong, unaweza kupanga mtaa mzima kwa kalamu moja: maghorofa, maduka, shule, kituo cha basi.

Linganisha pia jinsi pesa zinavyoingia. Chelezo hulipwa kazi baada ya kazi. Meli ikichelewa kwa dhoruba, umekosa mapato. Bei ya chuma ikipanda, faida imeliwa. Fleti za Hong Kong, kwa upande wao, zilikwisha kuzoeleka kuuzwa kabla jengo halijakamilika: mnunuzi hutanguliza pesa, na mjenzi hupata sehemu kubwa ya mtaji kutoka kwa wateja wenyewe. Weka hesabu hizo mbili mbele ya wanahisa walioko London au Hong Kong. Sidhani kama mjadala ulichukua muda mrefu.

Kulikuwa na hatua moja ya kisheria. Ardhi ya Hong Kong ni mali ya serikali, anayeishika ni mpangaji wa muda mrefu, na hati yake hueleza atumie kwa nini. Kubadilisha kutoka kiwanda kuwa makazi kunahitaji kukubaliana na serikali na kulipa. Kwa hiyo serikali nayo ilipata fungu lake kila kiwanda kilipogeuzwa mtaa. Mwenye ardhi, mjenzi, mnunuzi na hazina, wote walikuwa na sababu ya kutaka chelezo kiondoke. Mezani palikosekana mtu wa kukisemea isipokuwa aliyekuwa akifanya kazi ndani yake.

Taikoo Shing ilijengwa kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi 1987: majengo 61 yenye fleti zaidi ya 12,000. Treni ya chini ya ardhi ilipofika mwaka 1985, kituo kikapewa jina la Tai Koo. Chelezo cha Cosmopolitan huko Tai Kok Tsui, nacho cha Whampoa, kilikuwa kimekwisha kuwa makazi.

Kwa Whampoa njia ilikuwa na kona zaidi. Kampuni iliingia mikononi mwa Hutchison, kundi la kibiashara la Waingereza lililojipanua kupita uwezo. Mwaka 1975 benki ya HSBC ikaliokoa na kuwa mwanahisa mkubwa. Mwaka 1977 kampuni hizo mbili zikaunganishwa na kuwa Hutchison Whampoa. Miaka miwili baadaye benki ikamuuzia hisa zake Li Ka-shing, mfanyabiashara aliyeanza na maua ya plastiki na kuhamia kwenye majengo. Ilikuwa mara ya kwanza kampuni moja ya zile kubwa za kikoloni kutawaliwa na Mchina wa Hong Kong, na magazeti yalilishangilia kama jambo la kihistoria, kwa haki kabisa. Ila aliyenunua alielewa vizuri ana nini mkononi. Desemba 1984 Uingereza na China zilitia saini tamko la pamoja kuhusu kurudishwa kwa Hong Kong mwaka 1997, hofu ya wanunuzi ikatulia, na mwaka 1985 ujenzi ukaanza Hung Hom. Kufikia 1991 Whampoa Garden ilikuwa na majengo 88 na fleti zaidi ya 10,000. Mahali palipokuwa na chelezo pamejengwa duka kubwa la saruji lenye umbo la meli, urefu wake kama mita 110. Watalii hulipiga picha wakidhani ni pambo tu.

Tsing Yi

Viwanda havikufungwa, vilihamishwa, na hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mahasimu wa tangu enzi za babu zao, Taikoo na Whampoa, waliunganisha shughuli zao za meli katika kampuni moja, Hongkong United Dockyards, nusu kwa nusu. Makao mapya yakawa Tsing Yi, kisiwa kilichokuwa na matangi ya mafuta na vijiji vya wavuvi, kilichounganishwa na bara kwa daraja mwaka 1974. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi: eneo jipya, kina kirefu, mbali na nyumba za watu, karibu na gati za makontena.

Lakini mashimo ya mawe hayabebeki. Kilichotumika Tsing Yi ni vyelezo vinavyoelea. Chelezo cha namna hii ni kama sanduku kubwa la chuma lenye kuta mbili na matangi tumboni. Matangi yakijazwa maji, linazama kiasi. Meli inaingia katikati ya kuta. Maji yanatolewa, sanduku linapanda na meli yake mgongoni. Ni kifaa cha akili nyingi, hununuliwa kikiwa tayari, na kinaweza kupokea meli za vipimo ambavyo shimo la zamani lilishindwa. Kina jambo jingine ambalo kwa mfanyakazi si dogo: kinaweza kuvutwa na kuuzwa bandari nyingine. Aliyechimba mwamba mwaka 1902 alijifunga na mahali pale kwa karne. Aliyenunua chelezo kinachoelea amejiachia mlango wazi.

Kuunda meli kubwa mpya hakukuhama pamoja na mashine. Kazi kubwa ya Tsing Yi ikawa ukarabati. Na ukarabati wenyewe ulikuwa umebadilika kwa sababu ya kontena, kwa namna ambayo ndiyo inayofungua lile fundo la mwanzo. Zamani meli ya mizigo ilikaa bandarini siku nyingi, wakati mwingine wiki, makuli wakipakua gunia kwa gunia. Muda huo mafundi wa mjini walipanda wakatengeneza kilichoharibika. Ilikuwa kazi inayokuja yenyewe mlangoni. Meli ya makontena hukaa saa chache. Nahodha wake hana muda wa fundi, na mwenye meli hupanga matengenezo makubwa mapema, kwa kawaida mara mbili katika kila miaka mitano, popote duniani ambapo bei na nafasi vinamfaa. Hivyo bandari ikawa na meli nyingi kuliko zote duniani, na karibu zote zilikuwa zikipita tu. Wingi wa meli na wingi wa kazi ya chelezo viliachana.

Na mwenye meli alipopanga pa kwenda, alikuwa na pengine pengi pa kuchagua. Japani ilikwisha kuwa bingwa, Korea Kusini ilijenga viwanda vikubwa kupindukia Ulsan na kwingine. Kisha China ikafungua milango baada ya 1978. Shekou, ng'ambo kidogo tu, ilikuwa na eneo la viwanda mwaka 1979. Kampuni ya Yiu Lian, yenye vyelezo Tsing Yi, ikapanuka hadi huko Shekou. Cheoy Lee, familia ya waunda boti waliotoka Shanghai na kuingia Hong Kong katika miaka ya 1930, ilihamishia uundaji wake Doumen, mkoani Guangdong. Na pale Huangpu, mahali ambapo Couper alichimba chelezo chake na kampuni ikapauza kwa sababu meli hazipandi mto, leo pana kiwanda cha taifa cha Huangpu Wenchong kinachojitambulisha kwamba kilianza mwaka 1851 na kinaunda hadi meli za kivita.

Je, ingewezekana vinginevyo? Singapore inatoa jibu la nusu. Nayo ilikuwa na vyelezo vya kikoloni katikati ya bandari, vya Keppel, na leo juu ya ardhi hiyo kuna fleti za bei mbaya. King's Dock, chelezo cha mawe kilichofunguliwa mwaka 1913, kimekuwa maegesho ya boti za matajiri. Kwa hiyo kule nako ardhi ilishinda. Tofauti ni kwamba serikali ya Singapore ilikuwa na mkono katika kampuni zenyewe, ikaandaa ardhi kubwa ya viwanda Tuas, na kazi ya meli na mitambo ya mafuta ya baharini ikaendelea kwa miongo kadhaa kwa kiwango kikubwa. Serikali ya kikoloni ya Hong Kong iliamini kwamba si kazi yake kuchagua kiwanda kipi kiishi. Ninavyoona, Tsing Yi ilipewa viwanda kama mahali pa kuviondoa njiani, na Tuas ilitengwa kama mahali pa kuvikuza. Kuhama ni kule kule. Nia ndiyo iliyotofautiana.

Uchafu nao una sura yake katika kisa hiki, na mara nyingi huachwa. Cheoy Lee walikuwa na kiwanda Penny's Bay kwenye kisiwa cha Lantau. Serikali ilikichukua mwaka 2001 kwa ajili ya barabara na huduma za Disneyland. Udongo ulipopimwa, ulikutwa na takriban mita 30,000 za ujazo zenye sumu ya dioksini, ikabidi zichimbwe na kusafishwa kwa gharama ya umma. Kukwangua rangi, kuchoma takataka, kumwaga mafuta: miaka mingi ya kazi ya meli huingia ardhini. Anayeuza kiwanja cha chelezo huuza na hayo, na bei ya kusafisha inastahili kuandikwa kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kampuni zenyewe hazikudidimia. Hili lazima lisemwe wazi, maana tukisema "kiwanda kilikufa" tunadhani mwenyewe alifilisika. Swire ni tajiri kuliko zamani. Whampoa, baada ya kujifunza makontena kupitia kampuni iliyoianzisha Hung Hom mwaka 1969, ilizaa biashara ya bandari ambayo leo ni Hutchison Ports. Wasomaji wa Dar es Salaam wanaifahamu: ndiyo iliyoendesha kitengo cha makontena bandarini kupitia kampuni ya TICTS kwa zaidi ya miaka 20, hadi mkataba ulipokwisha Desemba 2022. Kampuni iliyoanza kwa kuchimba mashimo ya kutengenezea meli ilifika pwani yetu ikiwa na ujuzi wa kupakua makontena, ujuzi ambao hauhitaji chelezo. Kilichopotea Hong Kong ni ajira za mikono na ngazi ya uanagenzi ambayo kijana asiye na shahada aliweza kuipanda hadi akaheshimiwa mjini kote. Mimi hilo linaniuma kuliko kupotea kwa mawe.

Tsing Yi bado kuna kazi, na ukiitazama ni ya aina gani utaelewa ni nini hasa kisichoweza kuhamishwa. Meli kubwa za safari ndefu huenda zinakotaka. Boti za kuvuta meli, ambazo lazima ziwe tayari usiku na mchana, haziwezi kukaa mbali. Boti za polisi, za zimamoto na za forodha zina karakana yao ya serikali, nayo imehamishiwa Stonecutters. Feri za abiria zikipata hitilafu leo zinatakiwa zirudi kazini kesho. Zile za Star Ferry zilizoundwa Whampoa zimepita umri wa miaka 60, na chombo cha umri huo hutaka fundi mara kwa mara kuliko kipya. Yote haya yanahitaji ufukwe wenye kina, karakana, na watu wanaojua kazi, ndani ya bandari yenyewe. Eneo linalotakiwa ni dogo kuliko la Taikoo ya zamani, lakini ni lazima liwepo, na Tsing Yi kwa sasa si tena kisiwa cha pembeni: daraja la Tsing Ma lilifunguliwa mwaka 1997, treni ya uwanja wa ndege inapita hapo, na maghorofa ya makazi yamesimama upande wa pili wa kilima kutoka kwenye vyelezo.